UZI: Kijana mwenye usonji (autism), hasemi, shule imeisha. Hivi ndivyo tunavyoendesha kituo cha mchana hapa Nakuru

CherehaniLanet

Nimeulizwa haya kwenye inboksi mara nyingi mno, acha niyamwage hapa yote. Ni marefu, vuteni viti.

Kijana wangu ana miaka 25. Hana maneno. Ana sauti tatu ambazo mimi nazielewa na dadake anazielewa, basi. Alisoma kitengo maalum cha shule ya msingi hadi akafika miaka 20. Siku moja mwalimu mkuu akaniita ofisini, akaniambia kwa upole kabisa kwamba ndevu zake zinawatisha watoto wa darasa la kwanza. Sikubishana. Tulipewa cheti, tukapigwa picha, tukanywa soda.

Jumatatu iliyofuata, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilimkuta mlangoni amevaa sare, begi mgongoni. Sare yenyewe nilikuwa nimeifua na kuificha chini ya godoro langu. Sijui aliitoa saa ngapi. Alisimama hapo akingoja gari la shule hadi saa nne. Kesho yake hivyo hivyo. Alifanya hivyo wiki tatu, kisha siku moja akaacha, na kuacha kwenyewe ndiko kuliniumiza zaidi.

Miaka miwili iliyofuata sina haja ya kuieleza sana, wenye watoto hawa mnaijua. Kulala mchana, kukesha usiku, kujiuma mkono hadi ngozi ikawa ngumu kama ya kisigino. Mimi ni fundi wa nguo. Kibanda nikakifunga, cherehani nikaileta sebuleni, wateja nusu wakanihama.

Mwaka 2022 tulikutana wazazi wanne kwenye foleni ya kliniki ya kifafa. Wote vijana wao wamemaliza shule, wote wako nyumbani, na mmoja wetu alikuwa anamfungia wake ndani kwa kufuli akienda sokoni. Alitueleza akilia. Hakuna aliyemhukumu. Tukakodi nyumba ya vyumba viwili yenye ua na lango la chuma, upande wa Lanet. Leo vijana ni tisa, wa miaka 19 hadi 34, wasichana watatu.

Tunafungua saa mbili asubuhi, tunafunga saa tisa alasiri. Ratiba iko ukutani kwa picha, na ni picha halisi tulizopiga wenyewe: choo chetu, sufuria yetu, lango letu. Mwanzoni tulitumia michoro ya kutoa kwenye intaneti. Choo kwenye mchoro kilikuwa cheupe cha kukalia, chetu ni cha shimo. Mmoja akawa anaileta kadi ile akitaka kiti!

Kazi zipo: kumenya minji za akina mama wa sokoni, kuku arobaini wa mayai, kujaza udongo kwenye vikaratasi vya miche, kukunja leso. Mchana githeri au ugali na sukuma. Kila mtu anaosha sahani yake, hata yule anayeiosha dakika ishirini. Saa nane tunatembea. Kuna chumba kimoja hakina kitu isipokuwa godoro, blanketi zito na pazia nene, cha mtu aliyezidiwa. Mvua ya mawe ikipiga mabati hapa Nakuru, chumba hicho hakitoshi, ndiyo maana nimeshona vifunika-masikio tisa kwa sponji ya godoro kuukuu.

Ulizeni.

MamaPacha_Kisumu

Ero kamano, dada. Nimeusoma huu uzi nikiwa kwenye tuktuk nikapitiliza Kondele. Msichana wangu ana 19, mwaka huu ndio wa mwisho. Babake anasema tumnunulie kuku tu akae nao nyumbani. Nieleze pesa. Bila kuficha.

CherehaniLanet

Bila kuficha, haya. Kodi 13,000. Wafanyakazi wawili wa kudumu, 17,000 kila mmoja. Chakula 16,000. Maji, tokeni za stima, sabuni, glavu, pampasi za watu wazima wawili, 5,000. Jumla 68,000 kwa mwezi.

Ada ni 7,000. Wazazi saba wanalipa, wawili hawana, kwa hiyo wanalipa kwa zamu za kupika. Inaingia 49,000. Pengo ni 19,000. Kuna mfadhili mmoja anatuma 10,000 kila tarehe tano na hataki kutajwa. Elfu tisa zilizobaki ni cherehani yangu. Miezi miwili mwaka jana cherehani haikuzipata na mwenye nyumba akaniita majina ambayo siyaandiki hapa.

Ile 2,000 ya kila mwezi ya Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wenye ulemavu mkubwa, familia tatu kati yetu wanaipata. Inasaidia, lakini usiipigie hesabu ya kuendeshea kituo.

Kuku si wazo baya. Ila kuku hawatamfundisha mtu yeyote kukaa na wenzake. Mwambie baba watoto hivyo, kwa adabu.

MzeeBondeni

Mimi nitauliza swali ambalo wengine wanaogopa. Minji mnamenya, mayai mnauza, na watu wenyewe hawawezi kusema wanataka au hawataki. Hii si kuwatumikisha? Pesa ya minji inakwenda wapi?

CherehaniLanet

Mzee wangu, swali zuri na hukunikosea. Pesa ya kazi haiingii kwenye kodi hata shilingi. Ijumaa kila mmoja anapewa yake mkononi, kwa noti na sarafu, kulingana na kilo alizomenya. Kisha tunakwenda kiosk kwa zamu, watatu watatu. Wangu hununua mandazi mawili na kiberiti. Hatumii kiberiti, anapenda kukitikisa.

Lakini sehemu ya pili ya swali lako ndiyo iliyotufunza kazi hii, kwa hiyo nivumilie.

Tulikuwa na kijana, hapa nitamwita Bwana Saa kwa sababu hupenda kushika mkono wa mtu mwenye saa. Alikuwa anamenya minji kuliko wote. Tulimsifu, tukamwonyesha wageni. Mwezi wa tatu akaanza kumwaga beseni. Analipindua lote, anasimama, anajipiga paji la uso. Tukasema ni tabia. Tukamwondolea chai ya saa nne, halafu tukamrudishia kwa sababu tuliona aibu. Mfanyakazi mmoja akasema tumfunge mikono kwa leso, nikamwambia akijaribu ataondoka na leso hiyo hiyo.

Jioni moja nikapanga mezani kadi zake za picha, zile anazotuletea badala ya kusema, nizisafishe. Chai. Maji. Choo. Ugali. Nje. Nyumbani. Mziki. Kadi kumi na moja, na zote ni za kuomba kitu. Hakukuwa na hata moja ya kukataa. Mtu wa miaka 28 tulimpa mdomo wa kuomba peke yake! Akitaka kukataa alikuwa na njia moja tu, nayo ni beseni.

Tukatengeneza kadi nyekundu yenye mkono ulioinuliwa: SITAKI. Nyingine ya BASI, na ya tatu PUMZIKA.

Wiki ya kwanza alitushika. SITAKI minji. SITAKI kutembea. SITAKI ugali, huku anakula. Mamake alipokuja kumchukua alipewa SITAKI ya uso kwa uso mbele ya watu. Wafanyakazi wakaja kwangu: mama, umetuharibia mtu. Nikawaambia kila akiitoa, iheshimiwe, isipokuwa dawa na barabara. Hata kama ni mara arobaini kwa siku.

Wiki ya tatu ikapungua yenyewe. Ikabaki kwenye minji tu, na si kila siku. Tukaanza kutazama ni siku gani. Alikuwa anakataa siku zile beseni lilipowekwa sakafuni kwenye simiti, kwa sababu plastiki ilikuwa inakwaruza kila akichota. Sisi hatukuisikia hiyo sauti hata mara moja. Tukatandika gunia chini ya beseni. Mpaka leo anamenya. Na siku nyingine anatoa kadi na kwenda kukaa na kuku, na Ijumaa yake inakuwa ndogo, na hilo ni haki yake.

Kwa hiyo mzee, wanaweza kusema hawataki. Swali ni kama tumewapa cha kusemea.

MzeeBondeni

Nimekuelewa. Hilo la gunia limenigusa. Nitapita niwaone, nina magunia.

MwalimuBungoma

Niongeze la shuleni. Njia ya kubadilishana picha ambayo wengi wetu tulifundishwa ilianzishwa Marekani mwaka 1985, na hatua ya kwanza inataka watu wazima wawili: mmoja anashikilia kitu anachokitaka mtoto, mwingine yuko nyuma ya mtoto anamwongoza mkono, na wa nyuma hasemi neno. Darasa langu lina wanafunzi kumi na wanne na mimi niko peke yangu. Ndio sababu wengi wanamaliza shule wakiwa na kadi mbili, choo na chakula. Mzazi asishangae, wala asidhani mtoto ameshindwa. Mtu wa miaka 30 bado anaweza kuanza.

Na kazi zipangeni kutoka kushoto kwenda kulia. Kapu la kushoto lina kazi, la kulia la kuweka kilichokwisha. Kushoto kukiwa tupu, kazi imeisha, haihitaji mtu kutangaza. Hilo nalo limetoka North Carolina miaka ya 1970 na halihitaji pesa, ni makapu mawili.

UpepoWaDunga

Swali kwa wote. Kuna video zinazunguka WhatsApp za vijana wasiosema wanaoandika kwa ubao wa herufi, mtu amewashikia ubao, na wanatoa sentensi ndefu za ajabu, mashairi hata. Mpwa wangu ana miaka 22. Kuna mtu anataka 4,000 kwa saa kumfundisha. Niuze mbuzi?

MatamshiKisumu

Mimi ni mtaalamu wa matamshi na lugha. Usiuze mbuzi kwanza.

Njia ya mtu kumshikia mwenzake mkono ili aandike ilipata umaarufu Australia kupitia Rosemary Crossley, na Douglas Biklen akaipeleka Marekani karibu mwaka 1990. Ikaenea kwa kasi. Kisha watu wakaipima kwa jaribio jepesi tu: mwonyeshe kijana picha ya ufunguo, mwonyeshe msaidizi picha ya kikombe, wasionane picha. Kikaandikwa kikombe. Mara kwa mara, kikombe. Msaidizi ndiye aliyekuwa anaandika, na wala hakuwa mwongo, mkono wake ulimtangulia bila yeye kujua. Chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilitoa tamko la kuikataa mwaka 1994, na chama cha wataalamu wa matamshi cha huko huko kikaikataa tena mwaka 2018 pamoja na ile ya kushikiwa ubao. Kuna familia zilivunjika, watu walishtakiwa kwa makosa makubwa kwa maneno ambayo kijana hakuyaandika kamwe.

UpepoWaDunga

Daktari, kwa heshima. Kwa hiyo unaniambia mpwa wangu hana la kusema kichwani?

MatamshiKisumu

Hapana kaka, sikusema hivyo na siwezi kusema hivyo. Wapo watu wenye usonji wasiozungumza wanaochapa wenyewe, ubao uko mezani, hakuna anayewagusa. Mfundishe hivyo. Tableti ya mkono wa pili yenye programu ya kutoa sauti, au karatasi yenye herufi iliyobandikwa mezani kwa gundi. Akitoa herufi tatu, ziwe zake. Ninachokuambia ni kwamba ukitaka kumsikia yeye, usimruhusu mtu mwingine kushika kalamu.

UpepoWaDunga

Bado sijaridhika ila mbuzi amepona.

BodaFreeArea

Mimi si mzazi, ni mwendesha boda. Namjua huyo wa kiberiti. Hajui kwamba anajulikana lakini steji nzima inamjua.

Kabla hawajaja kutueleza, tulikaribia kufanya jambo baya. Kijana mkubwa, ndevu, alitoka mbio kwenye lango akaingia ploti ya watu na kuanza kushika nguo kwenye kamba. Mama mmoja akapiga nduru. Mwizi! Mnajua mtaa ukisikia hilo neno. Watu walikuwa wameshaokota mawe, na mimi nilikuwa na kifaa mkononi, sitaki kudanganya. Tunamuuliza jina hajibu. Tunamuuliza anatoka wapi, anacheka na kupiga makofi. Kucheka ndiko kulikowaudhi watu. Aliyemwokoa ni mzee wa viatu aliyeona kwamba hakimbii, hata mawe yakiinuliwa hakimbii. Akasema mwizi gani huyu.

Kesho yake yule mama wa cherehani akaja stejini na vijana wake wote wamepanga mstari, wanatusalimia mmoja mmoja.

CherehaniLanet

Kaka, sikujua ulikuwa na kifaa. Ahsante kwa kusema.

Hiyo siku nilizeeka. Kama mnaanzisha kituo, kabla ya kununua hata sufuria, zungukeni mtaa. Mzee wa nyumba kumi, steji ya boda, wenye viosk, kanisa, msikiti, mlinzi wa ploti ya jirani, chifu. Nendeni nao wenyewe, si barua. Tulizunguka siku nne. Sasa kila mmoja ana aproni ya kijani niliyoishona, nambari mbili za simu zimetariziwa mfukoni kwa ndani. Kadi za shingoni tulijaribu, wakazitafuna.

Wapo waliotuambia tuwapeleke wakaombewe, wengine wakasema tumezaa kwa laana. Nilijibu wachache, wengine niliwashonea sketi zao nikanyamaza. Hela ni hela.

Na kitambulisho jamani. Akifika 18 mtolee, bila hicho kila ofisi ni ukuta. Wangu hapendi kushikwa vidole. Nilinunua pedi ya wino, nikachukua alama za vidole vyangu, vya dadake, vya babake, na paka pia, kila jioni wiki mbili kabla. Siku ya siku aliinyoosha mikono yote kabla hajaambiwa. Afisa akacheka. Wino ulibaki kwenye kuta za nyumba yangu na uko hadi leo.

Kakamega_Jirani

Mmesajiliwa kama nini? Huku kwetu tunaambiwa tuwe shirika, mara kampuni.

CherehaniLanet

Kikundi cha jamii, chini ya sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya 2022, ofisi ya maendeleo ya jamii. Inataka wanachama wasiopungua kumi. Tulikuwa wanane, tukaongeza shangazi na mjomba. Kibali cha biashara cha kaunti ni kando.

MamaPacha_Kisumu

Dada, mimi ninaogopa jambo moja na sijaliona likitajwa. Wangu ni msichana. Hawezi kuniambia.

CherehaniLanet

Nilikuwa nalingoja hili swali.

Kanuni yetu haina msamaha: msichana haendi chooni wala kubadilishwa na mwanamume, hata akiwa baba wa mwenzake. Hakuna mtu anayebaki na kijana peke yake nyuma ya mlango uliofungwa, na chumba cha pazia hakina mlango kabisa. Kila badiliko la sodo linaandikwa daftarini, saa na jina la aliyesaidia. Alama yoyote mwilini asubuhi inaandikwa na kuonyeshwa mzazi kabla hajaondoka langoni, na jioni vivyo hivyo. Wazazi wawili walichukia daftari hili. Mmoja akaondoka. Aende.

Tena mfundishe kadi za mwili, zote, kwa majina yake halisi. Na ile kadi nyekundu. Msichana aliyezoea kuheshimiwa akikataa ugali ana nafasi ya kukataa mengine, na sisi tuna nafasi ya kumwona akikataa. Tukio likitokea: hospitali kwanza bila kumwogesha, nguo kwenye mfuko wa karatasi, kisha polisi. Sheria ya makosa ya ngono ya 2006 inamlinda pia asiyesema. Wazee wasikae kikao cha kulipana mbuzi.

MwalimuBungoma

Hapo kwa mbuzi pigeni mstari.

Kakamega_Jirani

Na kifafa? Wangu alianza akiwa na 16.

CherehaniLanet

Kwa baadhi ya hawa huanza utineja. Wanne kati ya tisa wetu wanacho. Mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu, usimtie kijiko mdomoni, tazama saa. Ikipita dakika tano, hospitali. Saa ya ukutani tuliinunua kwa ajili hiyo, na Bwana Saa ndiye aliyeichagua.

MamaPacha_Kisumu

Nimerudi baada ya miezi mitano.

Tumeanza. Wako watatu, kwenye veranda ya mama mkwe, Nyalenda. Tunafunga njugu kwenye vikaratasi. Joto la saa saba linawamaliza kwa hiyo tunaanza saa moja asubuhi na saa sita tumekwisha. Babake ndiye anayefungua lango, kuku alinunua pia, sawa.

Nilianza na kadi nyekundu kama ulivyosema. Siku ya pili nilikuwa nikimchana nywele. Miaka kumi na tisa nimemchana kila asubuhi, akilia kila asubuhi, nikijua ndivyo alivyo. Akaichukua mezani akaniwekea kwenye paja. Nikaacha kitana. Akaangalia kitana, akaniangalia mimi, akasubiri kama nitaendelea. Sikuendelea. Tumemnyoa Jumamosi.

Shida yangu sasa ni kadi zinabanduka. Velkro ya supamaketi haimalizi wiki na bei ni ya kuua.

CherehaniLanet

Hiyo ya vipande usinunue. Nenda duka la vifaa vya ushonaji, inauzwa kwa mita. Upande wa mikwaruzo weka ubaoni, upande laini kwenye kadi, la sivyo watakuwa wanajikwaruza vidole. Halafu usitegemee gundi yake. Ishone.